Nani kavunja safari?

Hotuba kwa wanachama wa chama cha akiba na mikopo cha walimu, Tanga, kabla ya safari yao ya Cape Town

Ndugu mwenyekiti, ndugu wajumbe wa bodi, walimu wangu. Wakubwa shikamooni. Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo.

Mwenyekiti amenieleza kwamba mko 34, mmechanga tangu Februari, na Ijumaa ijayo mnatakiwa kulipa arubuni ya tiketi za kwenda Cape Town mwezi Desemba. Nimeomba nizungumze leo, wala si baada ya Ijumaa, kwa sababu nauli huokolewa au hupotea siku ile unapolipa. Siku safari inapovunjika tunakuwa tunasoma tu yale tuliyokwisha kuyakubali.

Nimekaa nyuma ya kaunta ya tiketi jijini Dar es Salaam miaka 16. Katika mwaka wangu wa pili alikuja mama mmoja, muuguzi, ana tiketi ya Johannesburg ya kesho yake. Mtoto wake amelazwa, safari haipo tena. Akaniuliza, “Dada, nauli yangu inarudi?” Nikafungua kompyuta nikaona ni tiketi ya bei ya chini, isiyorudishwa. Nikamwambia hairudi, pole mama. Akanishukuru, akaondoka. Mwaka uliofuata nikapelekwa mafunzo, ndipo nilipojua kwamba hata tiketi isiyorudishwa ina kodi na ada za viwanja vya ndege ndani yake, na abiria ambaye hakuruka ana haki ya kuzidai nyingi kati ya hizo. Nikaenda kutafuta kumbukumbu zake. Muda wa kudai ulikuwa umekwisha. Yule mama hakutapeliwa na mtu. Aliuliza swali moja, nami nikamjibu hilo moja nikanyamaza. Tangu siku hiyo sijanyamaza, na ndiyo sababu nimekubali kupanda basi kuja Tanga.

Walimu wangu, safari ikivunjika, swali la kwanza si “nitarudishiwa?” Swali la kwanza ni: nani kavunja? Wewe, au shirika la ndege? Majibu haya mawili yanakupeleka kwenye milango miwili tofauti kabisa, na watu wengi hupoteza pesa kwa kubisha hodi kwenye mlango usio wao.

Nianze na shirika. Shirika likifuta ndege, tiketi yako hata iwe ya bei ya chini namna gani, neno “hairudishwi” halina nguvu tena. Neno lile lilikuwa linakubana wewe usibadili mawazo. Halikumpa muuzaji ruhusa ya kutokuuza alichouza na kubaki na pesa. Watakupa kwanza ndege nyingine, au vocha. Vocha si dhambi, kama kweli utasafiri tena mwaka huo. Lakini vocha ina tarehe ya kufa, na mara nyingi ina jina lako peke yako. Kama unataka fedha, sema fedha, tena kwa maandishi, kabla hujabonyeza mahali palipoandikwa kwamba umekubali.

Mnaukumbuka mwaka 2020. Aprili mwaka ule Tanzania ilisimamisha ndege za abiria za kimataifa, na Mei 18 zikaruhusiwa tena. Kenya ilikuwa imekwisha kufunga Machi, ikafungua Agosti mosi. Mwezi Machi simu zetu ofisini hazikupumzika. Wapo abiria walioingiwa na hofu wakafuta safari wenyewe wiki mbili kabla ya ndege zao. Wapo waliongoja. Ndege za wote wawili, mwisho wa yote, hazikuruka. Lakini yule wa kwanza alionekana kwenye mfumo kwamba yeye ndiye aliyevunja. Akatozwa faini, au akapewa vocha, au akakosa. Wa pili alivunjiwa, na akawa na hoja ya kudai fedha zake zote. Tiketi bei moja, ndege moja, hasara tofauti, kwa sababu ya nani alitangulia kusema “basi”. Kwa hiyo mkisikia wafanyakazi wa uwanja wanatishia kugoma, kama ilivyotokea Jomo Kenyatta, Nairobi, Septemba 2024, msikimbilie kufuta. Ngojeni shirika liseme. Pigeni simu, ulizeni, lakini msiwe wa kwanza kuvunja kitu ambacho mwenzenu yuko karibu kukivunja.

Kuna jambo jingine hapa ambalo wateja wengi hawalijui, nami naliona ni la thamani kuliko mengi nitakayosema leo. Mashirika hugeuza ratiba. Umenunua tiketi Aprili, ndege inaondoka saa nne asubuhi; Agosti wameisogeza jioni, au wamekubadilishia ndege ya kuunganisha njiani, na barua pepe ya taarifa imekwenda kwa wakala wako, si kwako. Mashirika mengi, mabadiliko yakiwa makubwa, hukuruhusu kuikataa ile ratiba mpya na kurejeshewa fedha. Sasa mtu anauguliwa Septemba, anakuja kaunta analipa faini ya kubadili tarehe, kumbe ratiba yake iligeuzwa mwezi uliopita na mlango wa shirika ulikuwa wazi. Kabla hujalipa faini yoyote, muulize wakala: ratiba yangu imeguswa tangu niliponunua?

Sheria zinatofautiana kwa mahali. Ninyi mnakwenda Afrika Kusini, lakini najua humu ndani wapo wenye watoto Ulaya na Marekani, kwa hiyo nitapita huko kidogo. Ukiondoka uwanja wowote wa Umoja wa Ulaya, kanuni yao namba 261 ya mwaka 2004 inakulinda, uwe umepanda ndege ya taifa lolote. Ukiondoka Dar es Salaam kwenda kule, inakulinda endapo tu umepanda shirika la Ulaya, kama KLM. Ukipitia Addis Ababa au Doha kwa shirika la huko, safari ya kwenda haimo, ya kurudi imo. Ndege ikifutwa, nauli irudishwe ndani ya siku 7. Na kama wamekufutia ikiwa imebaki chini ya siku 14, bila sababu ya nje ya uwezo wao, kwa umbali kama wa Frankfurt na Dar es Salaam kuna fidia ya hadi euro 600, na hiyo haihusiani na nauli. Ni juu ya nauli.

Marekani, kwa ndege zinazoingia au kutoka kule, tangu mwisho wa Oktoba 2024 shirika likifuta ndege, au likakuchelewesha saa 6 au zaidi kwa safari ya kimataifa nawe ukakataa kuendelea, fedha zirudi zenyewe: siku 7 za kazi kama ulilipa kwa kadi ya mkopo, siku 20 kwa njia nyingine. Tena kule, ukinunua moja kwa moja kwa shirika, na safari iko mbali siku 7 au zaidi, una saa 24 za kujifikiria na kurejeshewa chote. Mama uliyekatiwa tiketi na mwanao aliye Columbus, elewa kwamba fedha hurudi ilikotoka. Zitaingia kwenye kadi ya mwanao, si kwenye simu yako. Nimeshuhudia familia ikigombana miezi kwa jambo hili, mama akidhani kijana kazila na kijana akidhani shirika halijalipa, kumbe zilikwisha kuingia zikakatwa deni la kadi.

Kwa safari yenu ninyi, Tanzania na Afrika Kusini zote zimo kwenye Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999. Ule unasema shirika likikuchelewesha linawajibika kwa hasara uliyoipata na unayoweza kuionyesha. Kuionyesha ndiyo kazi. Risiti ya hoteli, risiti ya teksi, risiti ya chakula. Bila karatasi, ni masimulizi. Na shirika likiwazungusha hapa nyumbani, lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga, TCAA-CCC, ambalo kazi yake ni kupokea malalamiko ya abiria. Ni watu wachache mno wanaolitumia, na linasikitisha hilo.

Sasa mlango wa pili: umevunja wewe. Mama kaugua, mtoto kafeli darasa, au umeitwa kusahihisha mitihani. Hapa kuna ngazi, na mtu apande kwa mpangilio.

Ngazi ya kwanza ni saa. Toa taarifa kabla ndege haijaondoka. Hata ikiwa imebaki saa moja, hata kama uko wodini, mpe mtu simu apige. Ukifuta kabla, tiketi yako bado ina thamani fulani: inaweza kusogezwa tarehe, inaweza kurudishiwa sehemu. Usipotokea tu, kimya, mfumo unaandika kwamba abiria hakufika, na kwenye tiketi nyingi thamani yote inakufa pale pale. Tena siyo ile ndege moja. Usipopanda ya kwenda, ya kurudi nayo hufutwa. Nilikuwa na mteja aliyekosa ndege ya Dar kwenda Johannesburg, akaenda kwa basi kupitia Zambia, siku nne barabarani, akijua tiketi ya kurudi anayo. Alipofika uwanjani kule kurudi nyumbani hakukuta jina lake.

Ngazi ya pili ni kodi. Tuseme tiketi yako ni shilingi 1,800,000. Ukitazama ule mchanganuo wa herufi ndogo utaona nauli yenyewe ni pungufu ya hapo, na iliyobaki ni kodi na ada. Ndani yake mna ada ya huduma ya uwanja, ambayo kwa abiria anayetoka nchini kwetu ni dola 40. Hiyo inatozwa kwa anayepita uwanjani. Wewe hukupita. Dai. Kuna ada nyingine hapo ambayo mashirika huiita ya mafuta; hiyo ni yao wenyewe na mara nyingi hawaitoi. Wakala naye anaweza kukata gharama ya kazi yake, na ana haki, mradi alikuambia mapema. Hata hivyo, kwa mwalimu, laki mbili au tatu ni fedha.

Ngazi ya tatu ni kusoma aina ya tiketi kabla ya kulipa. Ndege moja, viti vya safu moja, bei tano tofauti. Ya chini kabisa hairudishwi wala haibadilishwi. Inayofuata inabadilishwa kwa faini pamoja na tofauti ya nauli, na hiyo tofauti ndiyo inayoumiza Desemba, maana faini inaweza kuwa dola 100 na tofauti ikawa 300. Ya juu inarudishwa. Ukiwa na mzazi mgonjwa nyumbani, kuongeza kidogo upate tiketi inayobadilika ni bima tosha, tena isiyokuomba cheti cha daktari wala hati ya kifo. Mimi mwenyewe nikisafiri ndivyo ninavyofanya.

Na hakikisha umenunua tiketi. Nasema hivi kwa sababu kila mwaka wanakuja watu mkononi wana bukingi tu. Bukingi ina namba ya kumbukumbu ya herufi na tarakimu 6, na mtu yeyote mwenye kompyuta anaweza kuitengeneza bila kulipa hata senti, kisha inajifuta yenyewe. Tiketi ina namba ya tarakimu 13, na tatu za mwanzo ni za shirika: 706 ni Kenya Airways, 071 ni Ethiopian, 176 ni Emirates, 157 ni Qatar. Ukilipa, dai zile 13. Lipa kwa Lipa Namba ya kampuni au benki, upewe risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Ukituma kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, siku ya matatizo utakuwa unamdai mtu, na mtu hubadilisha laini.

Sasa bima. Nimeichelewesha makusudi, kwa sababu bima ni ngazi ya nne, na watu huidhania ni ya kwanza.

Alikuja kwangu mwalimu mstaafu kutoka Korogwe, mzee wa heshima zake, anakwenda Ujerumani kumwona binti yake na mjukuu aliyezaliwa. Visa anayo, tiketi anayo, na bima anayo. Siku tatu kabla ya safari, mdogo wake akafariki. Akaja kaunta na ile karatasi ya bima imekunjwa vizuri ndani ya bahasha, akaniambia, “Mwanangu, mimi sina wasiwasi, nilikata bima.” Nikaisoma. Ilikuwa bima ya visa ya Schengen, yaani visa ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, ile inayotakiwa iwe na kinga ya angalau euro 30,000: matibabu ya dharura, hospitali, kumrudisha mgonjwa au maiti nyumbani. Basi. Haikuwa na neno hata moja kuhusu safari kuvunjika. Ubalozi hauiombi bima ile kwa ajili ya nauli yako. Unaiomba ili ukiugua kwao hospitali zao zisibaki na deni. Nimeiita bima ya mlangoni. Zanzibar nayo tangu Oktoba 2024 inawataka wageni wa kutoka nje wanunue bima ya Shirika la Bima la Zanzibar kwa dola 44; nayo ni ya mgeni akiwa amefika. Bima ya mlangoni ni nzuri, lakini inaanza kazi ukishaingia mlangoni. Ukikwama Korogwe haikujui.

Nikatafuta kwenye ukurasa wa pili, nikakuta kampuni hiyo hiyo iliuza pia bima kubwa zaidi, yenye kinga ya kufuta safari. Mzee hakuinunua, hakuna aliyemwambia kama ipo. Na hata angeinunua, ngoja niwaambie kilichonikaa moyoni. Orodha ya jamaa wa karibu ilikuwa: mume au mke, wazazi, watoto, kaka na dada wa kuzaliwa, babu na bibi. Nikamuuliza mzee, marehemu mmezaliwa tumbo moja? Akaniangalia kama nimemtukana. “Ni mtoto wa baba yangu mdogo. Tumelala kitanda kimoja tangu wadogo. Huyo si mdogo wangu?” Ni mdogo wake. Kwa Wasambaa, kwa Wazigua, kwa Wadigo, kwa yeyote aliye humu, ni mdogo wake, na mzee alikuwa na wajibu wa kuongoza mazishi yale. Kwenye karatasi hakuwapo.

Nawaomba, walimu, kabla ya kukata bima, nendeni na majina ya watu ambao mkisikia habari zao hamtapanda ndege. Mama mdogo aliyekulea. Mjomba aliyekusomesha. Mtoto wa dada yako unayeishi naye. Muulizeni wakala wa bima, mmoja mmoja: huyu yumo? Kampuni nyingine zina orodha ndefu zaidi, wapo wanaokubali wakwe, wapo wanaokubali mlezi mwenye hati. Jibu lake liandikwe, hata kwa barua pepe.

Yule mzee hatukumwacha hivi hivi. Tulifuta safari yake kabla ya ndege kuondoka, shirika likakubali kusogeza tarehe kwa faini, na mwezi uliofuata, visa ikiwa bado hai, akaenda akamwona mjukuu. Kampuni ya bima nayo ikasogeza tarehe zake bila malipo, kwa sababu tuliomba kabla siku ya kwanza ya bima haijafika.

Haya ndiyo yanayolipwa kwa kawaida na kinga ya kufuta safari: wewe kuugua ghafla au kuumia, daktari akaandika usisafiri, kifo au ugonjwa mzito wa jamaa aliye kwenye orodha, nyumba kuungua, wito wa mahakama kama shahidi. Na haya ndiyo yanayokataliwa, nami nayasema polepole kwa sababu yanawahusu. Ugonjwa uliokuwapo kabla: mwenye sukari au presha asipoutaja siku ya kukata bima, akija kulazwa kwa huo huo, dai lake litakuwa na shida. Utajeni, hata ada ikipanda. Kunyimwa visa: mara nyingi hailipi nauli, ingawa kampuni kadhaa hurudisha ada ya bima yenyewe ukipeleka barua ya kukataliwa. Kwa hiyo asiye na visa asinunue tiketi ya bei ya chini kwa tamaa ya kuwahi. Jambo lililokwisha kujulikana: mgomo ukitangazwa Jumatatu, bima ya Jumanne haiuoni. Na kazi. Mwajiri akikunyima likizo, au ukaitwa kusahihisha mitihani ya Kidato cha Nne Desemba hiyo hiyo, bima nyingi zinahesabu kwamba umeamua mwenyewe. Humu ndani nawaona watu ambao huitwa karibu kila mwaka. Ninyi msitegemee bima. Ninyi subirini muone nafasi yenu, au chukueni tiketi inayobadilika.

Marekani wanauza kinga ya kufuta kwa sababu yoyote ile, ambayo hurudisha asilimia 50 hadi 75, mradi uinunue siku chache baada ya malipo ya kwanza na ufute angalau saa 48 kabla. Ni ghali, na ni ya wakazi wa kule. Naitaja kwa ajili ya wanenu.

Mkidai, dai ni karatasi. Hati ya kifo ni ya RITA, wakala wa serikali anayesajili vifo. Kibali cha mazishi na barua ya serikali ya mtaa zinatosha kuzika, hazitoshi kulipwa. Sisi huzika siku ya pili na hati tunaikumbuka tukigombea kiwanja. Bima zina siku zake za kupokea madai, zikipita zimepita. Barua ya daktari iwe na tarehe ya kabla ya safari kufutwa, siyo baada. Barua ya shirika kwamba umefuta na umerudishiwa kiasi gani, kwa sababu bima inalipa kile tu ambacho shirika limekataa kulipa. Mali bila daftari huisha bila habari, hilo mnatufundisha ninyi wenyewe. Na kampuni ikikataa dai lenu bila sababu mnayoielewa, TIRA, mamlaka inayosimamia kampuni za bima, ipo, na Msuluhishi wa Migogoro ya Bima yupo. Andikeni.

Mniruhusu niseme maoni yangu ambayo wenzangu wa bima hawatayapenda. Kwa safari hii yenu, sidhani kila mmoja anahitaji kinga ya kufuta safari. Anayehitaji kinga ya matibabu ni kila mmoja. Kadi zenu za bima ya afya ya NHIF hazimtibu mtu Cape Town. Nauli ikipotea inauma. Hospitali ya ugenini inafilisi, na kusafirisha maiti ni mchango wa ukoo mzima. Kwa hiyo kinga ya matibabu na ya kurudishwa nyumbani, wote 34, bila kuachana. Kinga ya kufuta safari, wale wenye wazazi wagonjwa na wale waliokwisha kulipia hoteli isiyorudishwa.

Namalizia na lile la Ijumaa, maana kundi lina sheria zake na hapa mna nguvu ambayo mtu mmoja hana. Mkiwa kumi au zaidi mnahesabiwa kundi. Arubuni mnayolipa kwa kawaida hairudi, lakini majina mara nyingi hayafungwi siku hiyo. Yanafungwa baadaye, tiketi zinapotolewa. Mtu mmoja akinunua tiketi yake peke yake, jina haliwezi kupewa mwingine hata awe pacha wake. Ninyi, kabla ya siku ya kufunga majina, mwenzenu akiitwa kusahihisha, mnamtoa mnamwingiza mwingine, na hakuna shilingi iliyopotea. Kwa hiyo kabla ya kulipa muulizeni wakala mambo matatu, naye ajibu kwa maandishi: majina yanafungwa tarehe ngapi, watu wangapi wanaweza kujitoa bila bei ya kundi kuvunjika, na anayejitoa baada ya hapo anapata nini. Jitahidini tarehe ya kufunga majina isogee mbele kadiri iwezekanavyo, ikiwezekana baada ya orodha ya wasahihishaji kujulikana. Wakala atasema ni vigumu. Ninyi ni viti 34, ataomba.

Na chagueni sasa hivi, humu humu, watu wawili au watatu wa akiba, wenye pasipoti hai, wanaotaka kwenda na hawana nafasi. Mwenyekiti aandike majina yao leo.

Mkataba wa wakala ninao hapa, mwenyekiti alinipa nakala asubuhi. Kifungu cha 7 kinasema majina yanafungwa siku 45 kabla ya kuondoka, na hakisemi lolote kuhusu kodi za viwanja. Nimekipigia mstari. Nitakaa kwenye meza ile ya dirishani mpaka mtu wa mwisho aondoke. Mwenye bima ya mwanawe, mwenye tiketi iliyomkwama, mwenye barua ya kukataliwa, alete. Tuanze na kifungu cha 7.